Kompyuta ya zamani imeunganishwa lakini haina intaneti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye kompyuta ya Windows XP, Vista, 7, 8.1 au 10 iliyokuwa ikiingia mtandaoni vizuri, kisha siku moja ikagoma. Ruta inawaka taa, simu inapata intaneti, waya uko mahali pake, ila kompyuta hiyo moja tu ndiyo imenuna. Usikimbilie kuweka Windows upya. Mara nyingi kazi yenyewe ni fupi. Kigumu ni kujua pa kuanzia.

Programu za mtandao ni zipi, na huharibikaje?

Kivinjari hakizungumzi na kadi ya mtandao ana kwa ana. Katikati pana tabaka kadhaa. Chini kabisa ni draiva, programu ndogo inayoifahamu kadi. Juu ya draiva kuna TCP/IP, inayokata data vipande, kuviandikia anwani na kufuatilia kama vimefika. Juu yake kuna Winsock, mlango ambao karibu kila programu ya Windows hupitia ikitaka kutoka nje: kivinjari, barua pepe, hata antivirusi inapojisasisha.

Hapo kwenye Winsock ndipo kamba ilipo nyembamba. Windows huruhusu programu nyingine zijipachike katikati ya njia ili zikague au zichuje kinachopita. Programu za namna hiyo huitwa LSP. Antivirusi zilifanya hivyo, vichujio vya kuwalinda watoto vilifanya hivyo, na zile programu za matangazo ya kero zilizokuja zimefichwa ndani ya vitu vya bure zilifanya hivyo kwa wingi enzi za XP. Zote hupangwa kama mnyororo, na majina yake huandikwa kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Kila pingili huikabidhi data pingili inayofuata. Faili ya pingili moja ikifutwa bila jina lake kuondolewa kwenye orodha, Windows huendelea kuitafuta, haiioni, na data inaishia hapo hapo.

Ndiyo maana wengi husimulia kisa kile kile: nilikuwa na kirusi, nikakiondoa, intaneti ikakatika. Kirusi kimeondoka kweli, ila kimeondoka na daraja.

Sababu nyingine ni umeme kukatika wakati kompyuta inaandika kwenye rejista, diski kuu iliyoanza kuchoka, draiva isiyo yake, au antivirusi mbili zilizowekwa pamoja zikagombania mlango mmoja.

Nitajuaje kuwa tatizo ni programu, si waya wala ruta?

Pima kuanzia ndani kwenda nje. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

ping 127.0.0.1

Hii ni kompyuta kujiita yenyewe. Haifiki hata kwenye kadi. Ng'oa kebo, bado itajibu. Isipojibu, TCP/IP yenyewe imeharibika na huna haja ya kuisumbua ruta. Ikijibu, andika ipconfig usome anwani ya kompyuta. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, ikasubiri, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ikiwa ni anwani ya kawaida, na nyumbani nyingi huanza na 192.168, piga ping kwa namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta. Halafu:

ping 8.8.8.8
ping www.wikipedia.org

Ya kwanza ni seva ya Google ya DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba, nayo iko nje kabisa ya nyumba yako. Ya pili inapima kama majina yanageuzwa kuwa namba.

Pale jibu linapokatikia ndipo pa kuanzia. Ruta haijibu: tazama draiva, kebo, Wi-Fi au programu ya ulinzi inayozuia. Ruta inajibu lakini 8.8.8.8 haijibu: angalia ruta yenyewe na mipangilio ya anwani, hasa kama iliwekwa kwa mkono. Namba inajibu lakini jina halijibu: ni DNS. Zote zinajibu lakini kivinjari hakifungui chochote: ni Winsock au proksi, yaani seva ya katikati ambayo kivinjari huambiwa kipitie.

Hali hiyo ya mwisho huwachanganya hata mafundi. Ping hutumia ICMP, itifaki ya ujumbe wa majaribio na makosa, na haipiti njia ile ile wanayopita vivinjari, kwa hiyo mnyororo wa Winsock unaweza kuwa umekatika huku ping ikijibu bila wasiwasi. Mtu huona majibu manne safi, akasema mtandao ni mzima, akaanza kulaumu kivinjari.

Zipo pia namba za makosa zinazosema zaidi ya maelezo yake. 10106 ina maana Windows imeshindwa kupakia mojawapo ya pingili zile. 10038 hulalamika kuwa kitu fulani si soketi. Ukiona mojawapo, ruka moja kwa moja hadi kwenye amri zilizo hapa chini.

Kuna la kufanya kabla ya kugusa chochote?

Nakili mipangilio iliyopo:

ipconfig /all > "%userprofile%\mtandao.txt"

Faili itabaki kwenye folda yako ya mtumiaji. Sisemi hivi kwa kujipamba. Niliwahi kusafisha mipangilio ya kompyuta ya ndugu yangu bila kunakili hata herufi moja. Intaneti ilirudi papo hapo, nikapewa shukrani, na jioni nikapigiwa simu: hakuna anayeweza kuchapisha. Kompyuta ile ilikuwa na anwani ya kudumu iliyowekwa kwa mkono, na wengine wote nyumbani walikuwa wakiifikia printa kupitia anwani hiyo. Nilihangaika kwa saa kadhaa kutafuta namba ambayo ningeiandika kwa sekunde kumi.

Amri zenyewe ni zipi?

Kwenye Vista na kuendelea, tafuta cmd katika menyu ya Start, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Run as administrator. Bila hivyo amri zitakataliwa. Kwenye XP inatosha kuingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi.

netsh winsock reset
netsh int ip reset C:\ripoti.txt
ipconfig /flushdns

Kisha zima na uwashe. Usiache hatua hii. Programu zinazoendelea bado zimeshika orodha ya zamani.

Amri ya kwanza hufuta orodha ya Winsock na kuijenga upya kama Windows ilivyokuja nayo, bila wageni. Ya pili huandika upya sehemu za rejista zinazohusu TCP/IP. XP haiikubali bila jina la faili ya ripoti, matoleo ya baadaye yanaikubali hata bila jina. Kwenye Windows 10 huenda ikasema imenyimwa ruhusa kwenye kipengele kimoja huku vingine vikifaulu. Usihangaike nacho, washa upya ujaribu. Ya tatu husahaulisha majina ya tovuti yaliyohifadhiwa.

Ukitaka kumjua mhalifu kabla ya kumfukuza, andika netsh winsock show catalog. Orodha ni ndefu na haivutii, ila ukikuta humo jina la programu uliyoiondoa zamani, umeshapata jibu.

XP yangu haijafika Service Pack 2. Na Windows 98 je?

Amri ya netsh winsock reset ilikuja na Service Pack 2, furushi la masasisho ya XP, mwaka 2004. Kabla yake kazi ilifanywa kwa mkono. Fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, hifadhi nakala za WinSock na WinSock2, zifute zote mbili, washa upya. Kisha weka TCP/IP juu ya TCP/IP iliyopo: fungua sifa za muunganisho, chagua kuongeza itifaki, uelekeze kwenye faili nettcpip.inf iliyo ndani ya folda ya Windows\inf, na uwashe upya tena. Huwezi kuiondoa kwanza. Kitufe cha kuondoa TCP/IP kwenye XP kimezimwa kwa sababu inahesabiwa kuwa sehemu ya mfumo.

Windows 98 ni rahisi zaidi kwa hili: unaiondoa TCP/IP kwenye Control Panel, unairudisha. Weka diski ya CD karibu, itaulizwa.

Intaneti imerudi, lakini antivirusi inasema haifanyi kazi.

Umeifuta pingili yake pamoja na zile mbovu. Iondoe kwa utaratibu wake, washa upya, iweke tena.

Nimefanya yote, bado naona 169.254.

Basi ombi la anwani halitoki, au jibu haliingii. Anza na huduma: bonyeza Windows na R, andika services.msc, hakikisha DHCP Client, huduma inayoomba anwani kwa ruta, inaendelea. Kwa Wi-Fi, kwenye XP huduma inaitwa Wireless Zero Configuration, kwenye Vista na kuendelea ni WLAN AutoConfig. Programu za utunzaji wa kasi hupenda kuzima huduma hizi kwa madai kwamba hazina kazi. Baada ya hapo:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ikishindikana, nenda ncpa.cpl, fungua sifa za muunganisho, usome orodha ya vitu vilivyoshikamana na kadi. Antivirusi na programu za VPN zilizoondolewa huacha humo vichujio vyao, na kichujio kisicho na mwenyewe huweza kuzuia kila kitu. Ondoa tiki kwenye jina la programu usiyonayo tena, ujaribu. Kampuni kubwa za antivirusi hutoa programu ndogo ya kufagia mabaki ya bidhaa zao; itumie hiyo kuliko kufuta faili kwa kubahatisha.

Kipimo kizuri hapa ni Safe Mode yenye mtandao. Kwenye Windows 7 na za nyuma, gonga F8 kompyuta inapoanza. Intaneti ikifanya kazi humo na kugoma katika hali ya kawaida, kuna programu inayoanza pamoja na Windows ambayo ndiyo inayoizuia. Usilaumu tena TCP/IP.

Nitajuaje kama ni draiva?

Andika devmgmt.msc. Alama ya njano juu ya kadi ya mtandao ni dalili, na ukibofya mara mbili utaona namba. Code 28: draiva haijawekwa. Code 39: ipo lakini imeharibika au faili yake haipo. Code 10: kifaa kimeshindwa kuanza. Code 22: mtu amekizima, nawe ukiwashe tu.

Kwa draiva iliyoharibika, ondoa kifaa kwenye orodha kisha washa upya; Windows itakigundua na kukiwekea draiva iliyohifadhi. Ukiulizwa kama ufute na faili za draiva, kataa, labda uwe na nakala nyingine mkononi. Hapa ndipo watu hujifungia nje: draiva iko intaneti, na intaneti inahitaji draiva.

Kadi isipotambulika hata jina, fungua kipengele cha Details uchague Hardware Ids. Utaona mfano VEN_10EC na DEV_8168. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom. Ya pili ni aina ya kadi. Kwa namba hizo mbili unaweza kutafuta draiva ukitumia simu au kompyuta nyingine, kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi, ukaihamisha kwa flashi. Zingatia kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64, hata ukiibembeleza.

Namba zinajibu ila majina hayafunguki.

Tazama DNS iliyowekwa kwenye sifa za TCP/IP. Nyumbani kwa kawaida huachwa ijipatie yenyewe kutoka kwenye ruta. Ukikuta namba za kudumu usizozijua, jiulize ziliwekwa na nani.

Si swali la bure. Programu hasidi iitwayo DNSChanger iliingia katika mamilioni ya kompyuta duniani na kubadilisha namba hizo ili wenye nazo wapelekwe kwenye seva za matapeli. Waendeshaji walikamatwa Novemba 2011, na seva za badala zikawekwa kwa muda ili waathirika wasikatike. Zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, kompyuta ambazo hazikuwa zimesafishwa zilibaki zikiuliza majina kwa seva ambazo hazipo. Waya mzima, kadi nzima, na hakuna tovuti hata moja.

Angalia na faili ya hosts iliyo C:\Windows\System32\drivers\etc. Ifungue kwa Notepad. Mistari inayoanza na alama ya reli (#) ni maelezo tu. Ukiona majina ya tovuti za antivirusi au za benki yameelekezwa kwenye namba fulani, hujayaandika wewe, yafute.

Kila kitu kinajibu, lakini kivinjari kinasema hakioni seva.

Andika inetcpl.cpl, nenda kwenye Connections, kisha LAN settings. Ukikuta proksi yenye anwani 127.0.0.1 ilhali huna programu inayoihitaji, toa tiki. Kuna programu hasidi zinazojifanya proksi ndani ya kompyuta yenyewe. Zikifutwa, kivinjari hubaki kinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Firefox ina mipangilio yake ya proksi, iangalie kando.

Baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinadai muunganisho si salama.

Hapo hakuna kilichoharibika kwenye mtandao, na amri za netsh hazitakusaidia. Kwanza tazama tarehe. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na vyeti vya tovuti vyote vinaonekana bado havijaanza kutumika. Rekebisha saa, na ukiona inarudi nyuma kila ukizima, badilisha betri.

Tarehe ikiwa sawa, tatizo ni umri. Internet Explorer ya XP inaishia toleo la 1.0 la TLS, itifaki inayoficha data kati ya kivinjari na tovuti, na tovuti nyingi leo zinadai 1.2 au zaidi. Vyeti vikuu, vile vinavyothibitisha vyeti vya tovuti, navyo huisha: kimoja kilichotumiwa na tovuti nyingi sana, DST Root CA X3, kilikwisha tarehe 30 Septemba 2021, na kompyuta ambazo hazikuwa na mrithi wake zikaanza kuzikataa tovuti nzuri kabisa. Firefox huja na orodha yake ya vyeti, ndiyo maana husaidia kwenye mashine kongwe. Toleo la mwisho kwa XP na Vista ni 52 ESR (ESR ni toleo linalotunzwa kwa muda mrefu). Kwa Windows 7 na 8.1 ni 115 ESR.

Wi-Fi ya ruta mpya haionekani kabisa.

Kadi nyingi za zamani zinasikia masafa ya GHz 2.4 pekee. Ruta ikitangaza GHz 5 tu, kadi hiyo haitaona kitu. Inayoonekana lakini haikubali nenosiri, tazama usalama: XP inahitaji Service Pack 3 kwa WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi, bila nyongeza, na WPA3 iliyoifuata haiijui. Weka ruta kwenye WPA2, au tumia kebo.

Vipi zile programu za kurekebisha kila kitu kwa mbofyo mmoja?

Achana nazo. Zilizo njema hukuandikia amri zile zile tatu. Mbaya hukuongezea pingili nyingine kwenye mnyororo.

sfc /scannow inafaa?

Inafaa kama unashuku faili za Windows zenyewe, mfano baada ya kirusi au diski mbovu. Hulinganisha faili za mfumo na nakala halali na kurudisha zilizobadilika. XP huenda ikadai diski ya CD. Windows 8 na kuendelea ina msaidizi, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, lakini kwa kawaida huchukua nakala zake mtandaoni, kitu ambacho ndicho huna. Kabla ya zote mbili jaribu System Restore kwa tarehe ya kabla ya tatizo; hurudisha rejista na draiva bila kugusa nyaraka zako.

Windows 10 ina kitufe cha Network reset kwenye mipangilio ya mtandao, tangu toleo la 1607. Huondoa kadi zote na kuziweka upya. Ni nyundo kubwa: nywila za Wi-Fi utaziandika tena na programu za VPN huenda ukaziweka upya.

Ikipona, ni salama kuitumia?

Kwa kuandika na kuchapisha, sawa. Kwa benki, hapana. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya XP tarehe 8 Aprili 2014, Vista 11 Aprili 2017, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, 8.1 tarehe 10 Januari 2023 na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tobo linalogunduliwa baada ya tarehe hizo kwa kawaida halizibwi.

Ni lini nikubali kuweka Windows upya?

Baada ya kuwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, iliyo kwenye flashi, bila kuiweka kwenye diski. Linux haitumii Winsock, rejista wala draiva za Windows. Ikikataa kuingia mtandaoni nayo, hasa kwa kebo, shuku kadi, na kuweka Windows upya kutakupotezea siku. Ikiingia bila shida huku Windows imegoma baada ya amri, draiva na System Restore, sasa una sababu. Ukiwa bado ndani ya Linux hiyo, nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje na upakue draiva ya kadi ya mtandao uiweke kwenye flashi nyingine, kwa sababu Windows mpya ya toleo la zamani huenda isiitambue kadi hiyo.